Bata Anayekula Hutazama Maji

Mimi ni binti wa Bukuru, mkulima wa maharagwe, na wa Nzeyimana, msusi wa mikeka. Nilizaliwa Nyarusange, nikavushwa mpaka wa nchi mgongoni mwa mama yangu kwenda Tanzania kabla sijaweza kutembea sawasawa. Nilikulia huko, kando ya kinamasi. Darasani sikuingia hata siku moja. Kiswahili hiki nilikipata kwa kusikiliza, ndiyo maana nakichunga. Tuliporudi Burundi niliolewa Muyinga na Yohana, mwendesha mtumbwi. Leo ninaishi Musinzira, mjini Gitega, kwa mjukuu wangu Diyane, naye ndiye anayeandika. Nimemwambia aandike nilivyosema, asitie sukari.

Wajukuu, ninyi mnanijua kama bibi wa vikapu. Hamjui kwamba kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusuka bata. Nilisuka bata wa mafunjo ambao wawindaji waliwaelesha majini ili bata wa kweli wakiwaona kutoka angani waseme: pale pana amani, na tushuke. Ni kazi ya kudanganya, naam, na kila kazi ya kudanganya hudai uangalifu kuliko kazi ya kweli.

Kwanza niseme la sheria, maana nawajua vijana. Uwindaji ninaousimulia ulikuwa wa kibali, na bunduki ilikuwa na mwenyewe aliyejulikana. Anayetaka kuwinda leo na aulize kwanza kinachoruhusiwa, mahali gani na ndege gani. Akiambiwa hairuhusiwi, na arudi nyumbani akasuke kikapu.

Aliyenitia katika kazi hii ni Bwana Anwari, mwenye duka la vitambaa pale Muyinga. Babu zake walitoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa palepale, akanunua na kuuza kwa Kirundi, akagombana kwa Kiswahili. Siku moja alinikuta sokoni na mikeka yangu, akasimama akiipapasa bila kuuliza bei, jambo ambalo mfanyabiashara halifanyi.

"Mama Odeta," akasema, kwa kuwa Odeta, mama yake Diyane, ndiye alikuwa mtoto wangu wa kwanza, "nasikia we unasuka kila kitu. Unaweza kusuka bata?"

"Bata wa kuchinja au wa kutazama?"

"Wa kudanganya bata wenzake."

"Hiyo ni kazi ya uongo, Bwana."

"Uongo kidogo tu, Mama. Wa majini. Nchi kavu haufiki."

Kisha akaacha kucheka, akanieleza. Mama yake, Bi Zainabu, alikuwa mgonjwa na amekataa chakula. Mganga wa hospitali alisema dawa alizonazo zimetosha, kilichobaki ni ale. Mama huyo alikuwa hataki wali, hataki uji, hataki kuku. Alipobembelezwa sana alisema neno moja: anataka bata wa kinamasini, kama wale aliokuwa akiletewa na marehemu mumewe, achinjwe na mkono wa mwanawe mwenyewe. Bwana Anwari alikuwa amerithi bunduki ya baba yake, ile ya marisau yenye mitutu miwili, na sifa za baba yake kwamba alikuwa mwindaji hodari. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuangusha hata ndege mmoja.

"Na mvua zikianza bata watatawanyika," akasema. "Sasa wako pamoja. Baadaye sijui."

Nikaenda nyumbani nikasuka. Nisikilizeni vizuri hapa. Mafunjo ya bata hukatwa yakiwa yamekomaa lakini hayajawa kahawia, hukaushwa kivulini, kamwe si juani, kwa sababu jua huyafanya yapasuke na kunywa maji. Unachukua moyo wa shina, ule mwepesi mweupe, unaufunga mzingo kwa mzingo kama tunavyoshona kikapu, kisha unaupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Asiyepaka nta, bata wake huelea asubuhi na kuzama kabla ya jua kupanda. Chini ya tumbo unafungia jiwe bapa ili asipinduke, na kwenye jiwe hilo kamba ya mkonge yenye jiwe lingine linalokaa matopeni ili asisafiri.

Niliwasuka wakapendeza. Mama yangu alinifundisha kwamba kikapu cha bibi harusi lazima kisimame wima, kifuniko chake kitazame juu, maana kikapu kilichoinama ni aibu kwa nyumba yote. Basi nami niliwasimamisha bata wangu wima, shingo juu, vichwa juu, wote wakitazama upande mmoja. Mabegani niliwatia urembo wa pembetatu nyeusi. Yohana aliwatazama akasema, "Mke wangu, hawa bata wanakwenda kanisani."

Niliwapeleka kwa Bwana Anwari, nyumbani kwake, nyuma ya duka. Bi Zainabu alikuwa amelala chumba cha ndani, mwembamba, ushungi mweupe, uso umegeukia ukutani. Sauti yake ikatoka: "Mlete huyo, mi nimwone."

Nikamwekea bata mmoja kifuani. Alimgeuza, akamtazama machoni, kisha akacheka kicheko kidogo kilichomleta mwanawe mlangoni mbio.

"Binti," akaniambia, "huyu bata iko na hofu. Ameona nini?"

"Hajaona kitu, Bi Zainabu. Nimemsimamisha ili apendeze."

"Bata hana haja ya kupendeza. Bata akiinua shingo hivi, anawaambia wenzake: kimbieni. We umesuka kundi zima la walinzi." Akamshika shingo akaikunja taratibu kwa vidole vyake vilivyokonda mpaka mdomo ukagusa kifua. "Bata anayekula hutazama maji. Anayelala huficha mdomo mgongoni. Wasukie hivyo. Mmoja tu ndiye ainue kichwa, na wala si sana."

"Umeyajulia wapi haya, Mama?" Bwana Anwari akauliza.

"Unafikiri baba yako alikuwa anakwenda peke yake? Mi nilikuwa mwari wa juzi. Nilikaa naye katika mafunjo, nimepaka ushungi wangu tope."

Hivyo ndivyo nilivyompata mwalimu wangu. Kila nilipomaliza bata nilimpelekea kitandani, naye alimkosoa. Urembo wa pembetatu aliufuta kwa kucha. Aliniambia nichanganye masizi na udongo kupaka migongo, isiwe na mng'aro hata kidogo, maana bata wa kweli hang'ai kama sufuria. Mdomo wa bata wa kwetu ni wa njano wenye mstari mweusi, na sikujua nipate wapi njano isiyofutika majini. Akamwambia mjakazi alete manjano ya jikoni, nikaikoroga katika nta ya moto. Ilishika. Nilikuwa nimeishi kando ya vinamasi maisha yangu yote, na njano ya mdomo wa bata niliipata katika jiko la Mhindi.

Lakini Bi Zainabu, alipokuwa akinifundisha, alikunywa chai tu. Kila Jumapili, duka likiwa limefungwa, mimi, Yohana na Bwana Anwari tulikwenda kwenye vinamasi vya mto Ruvubu, na kila Jumapili tulirudi mikono mitupu. Mama huyo alikuwa akingoja akiwa ameketishwa kwenye mito. Mwanawe akiingia na koti lisilo na ndege alijua, akasema, "Ntaco, mwanangu," yaani si kitu. Kisha akalazwa, na kila mara alikuwa mwepesi zaidi mikononi mwa waliomlaza.

Sasa niwaambie kuhusu vifaa, kwa maana Bwana Anwari alikuwa navyo vyote. Mwenye duka akitaka kujifunza jambo huanza kwa kulinunua. Aliagiza koti lenye mifuko mpaka mgongoni, na suruali ya mpira inayofika kifuani. Suruali hiyo ni nzuri, siikatai. Lakini ivaliwe na mshipi uliokazwa kiunoni juu yake, kwa nje, ili ukianguka maji yasiingie miguuni. Yeye mshipi aliuacha mfukoni. Aliteleza, suruali ikajaa, akabaki amesimama pale kama mtungi. Yohana, aliyezoea kumwita Patroni, yaani tajiri wake, alimvuta kwa ufito wa mtumbwi, akitweta.

"Patroni, we umevaa kinamasi chote. Acha kidogo kwa vyura."

"Vuta, Yohana. Maneno baadaye."

Kwa hiyo: mshipi. Kofia isiwe nyeupe. Uso na viganja vipakwe tope, maana ndege huona weupe wa uso ulioinuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Kificho chako kijenge kwa mafunjo yaliyokatwa mbali, usiyang'oe ya mbele yako, utajiachia dirisha la kuonekana. Upepo uwe mgongoni mwako, kwa kuwa bata hushuka akikabili upepo, basi atakuja usoni pako. Bata wa bandia uwagawe makundi mawili na katikati uache uwanja mtupu. Hapo ndipo bata wa kweli watakapotua. Siku ya maji yasiyotikisika, mfunge mmoja kamba ndefu uivute kidogokidogo apige mawimbi, vinginevyo kundi lako litaonekana kama limekufa. Na bunduki huvunjwa shingo, yaani hufunguliwa mitutu, na kutolewa risasi kila unapoingia au kutoka mtumbwini, wala haipigwi chini usawa wa maji, kwa sababu katika kinamasi daima kuna mtu anayekata mafunjo usiyemwona. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Mbwa hatukuwa naye. Jirani mmoja alitaka kutuazima wake, mzoefu wa kuokota ndege majini, lakini Bi Zainabu alisema hatakula kilichotoka kinywani mwa mbwa. Basi mbwa wetu akawa Yohana na mtumbwi wake. Hapo ndipo jambo lilipoharibika.

Jumapili moja Bwana Anwari alipiga, na kwa mara ya kwanza bata akaanguka, ng'ambo ya mfereji. Yohana akaenda kwa haraka. Alimkuta akipapatika kwenye mafunjo, bawa limevunjika, akamhurumia. Kwetu mnyama anayeteseka haachwi ateseke. Akamzungusha shingo mara moja, akarudi akitabasamu, amemshika miguu.

Bwana Anwari alimtazama yule bata, kisha akaketi palepale kwenye tope na suruali yake mpya.

"Alikuwa hai ulipomkuta?"

"Alikuwa hai, Patroni. Nimemmaliza vizuri, hakusikia."

"Basi hawezi kuliwa nyumbani kwangu," akasema. "Akikutwa amekufa kwa risasi niliyoitia jina la Mungu, sawa. Akikutwa hai, ni lazima kisu, na ni mkono wangu."

Yohana aliukodolea macho mzigo ulioko mkononi mwake. "Patroni, lakini mlitaka afe."

"Kosa ni langu, ndugu yangu. Sikukwambia."

Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza mume wangu kuliko matusi. Bata huyo tulipewa sisi. Yohana hakumgusa; alimpa jirani, na chakula cha jioni kikampita.

Tulipofika, Bi Zainabu alikuwa amesikia harufu ya baruti kwenye koti, akainua kichwa. Bwana Anwari akamweleza. Bi Zainabu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, we ulisimama lini?"

"Niliposikia mabawa."

"Mapema mno. Ndiyo maana ulimpiga bawa, akiwa mbali. Na hizo Jumapili nyingine pia umesimama mapema."

"Moyo unanisimamisha, Mama. Nakufikiria we."

"Najua. Baba yako alikuwa hivyohivyo. Nilikuwa namshika mkono. Anyamaze mpaka mi nimfinye. Nikimfinya, ndiyo ainuke."

Wakanitazama mimi, wote wawili. Mimi ni mke wa mtu, naye ni mwanamume Mwislamu mwenye heshima zake; mkono haukuwa jambo la kujadiliwa. Nikasema, "Nitamfunga kamba."

Jumapili iliyofuata mawingu yalikuwa mazito upande wa Tanzania, na sote tulijua maana yake. Tuliwapanga bata kama mwalimu alivyoagiza: wengi wakitazama maji, wawili wamelala, mmoja kando ameinua kichwa kidogo. Ndani ya kificho nilishika kamba mbili. Moja ilikwenda kwa bata wa mafunjo, nyingine kwenye kifundo cha mguu wa Bwana Anwari, kama mbuzi.

"Mama Odeta, watu wakiniona dukani hawataniheshimu tena."

"Nyamaza, Bwana. Mbuzi hasemi."

Walikuja kutoka mtoni, kundi dogo, wakazunguka juu yetu. Nilivuta kamba ya majini, wimbi likaenda. Kupitia ile kamba nyingine nilihisi mguu wake ukitaka kuinuka. Wakazunguka tena, chini zaidi. Kanuni ya Bi Zainabu ilikuwa hii, nami nawapa ninyi: usiinuke kwa kusikia mabawa, wala kwa kuona umbo. Inuka utakapoona njano ya mdomo. Na ukiinuka, usilipigie kundi. Chagua ndege mmoja, lenga mbele yake, na mikono isisimame, iendelee kukimbia naye. Anayelipigia kundi hulipigia anga.

Miguu ikashuka, mabawa yakapinda kwenda nyuma. Nikaiona njano. Nikavuta.

Aliinuka akitamka jina la Mungu, akapiga mtutu mmoja tu. Mmoja akaanguka katika uwanja mtupu, hai, akazama, akaibuka kwenye magugu. Yohana alikuwa tayari anasukuma mtumbwi. Alivua shati lake, akamfunika bata, akambeba kifuani, kichwa chake kikitokeza kwenye ukosi. Tulimsikia akija, akimsemesha kwa Kirundi na Kiswahili kwa pamoja.

"Usife, mzee. Tafadhali. Vumilia kidogo, patroni iko hapa. Kisha utakufa vizuri."

Bwana Anwari alikuwa amekwisha kuuliza upande wa kibla. Akamchinja kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza alibaki ameinama, na Yohana, kifua wazi katika baridi ile, akaweka kiganja juu ya bega lake. Sikuwahi kuwaona wakigusana kabla.

Bata huyo nilimnyonyoa mimi. Mnyonyoeni bata akiwa bado na joto, wala msimchovye maji yanayochemka, ngozi yake ni nyembamba. Kupika kulisimamiwa kutoka kitandani, mlango wa chumba umeachwa wazi: kitunguu kingi, tangawizi, moto mdogo, na mtu asifunue sufuria. Tulifunua. Alijua kwa harufu, akatukemea, na kukemea kwake kulitufurahisha.

Alikula matonge mawili. Bwana Anwari alikuwa amepiga magoti, sahani mkononi, akingoja la tatu ambalo halikuja.

"Machache, Mama. Ongeza."

"Yametosha. Ni mazuri." Akafuta midomo. "Nyama ni ngumu kidogo. Bata wa baba yako pia walikuwa wagumu, alipowapata."

"Alipowapata?"

"Anwari, baba yako alikuwa akikosa. Alikosa sana. Wageni walipokuja nilipika kuku, nikasema ni bata, naye akainamisha uso kwenye sahani asicheke. Hodari ni mimi niliyetia viungo vingi."

Bwana Anwari alicheka, halafu kicheko kikageuka, akaficha uso kwenye blanketi lake. Mama yake alimpapasa kichwa kama mtu anayelainisha kitambaa. "Mi nilikuwa sitaki nyama peke yake," akasema. "Nilitaka mtu aende kuketi kule tena, kisha arudi anisimulie. Sasa simulia. Walikuja kutoka upande gani?"

Akamsimulia yote, pamoja na kamba ya mguuni. Kesho yake alikubali uji na mchuzi wa yule bata, na keshokutwa wali. Alikaa nasi msimu wote wa mvua, akafa kiangazi kilipoingia, akiwa ameshiba na amesimuliwa.

Baadaye nilisukia wawindaji wengi, mpaka bata wa plastiki walipofika. Hao sina ugomvi nao, hawahitaji nta. Wapakeni tu masizi na udongo, maana wanang'aa. Sasa wanakuja vijana wenye kamera badala ya bunduki, nao huketi kwenye kificho kilekile, upepo mgongoni kama wenzao, na bata hawatofautishi.

Diyane, sasa nakuambia wewe la kuhifadhi. Vitu hakuna, vimeoza kama ipasavyo mafunjo. Hifadhi namna ya kukausha kivulini na namna ya kukunja shingo. Kesho nitakuonyesha kwa mikono, kwa sababu maandishi hayakunji kitu. Hifadhi kwamba anayefanya kazi na mtu wa dini nyingine humuuliza kabla ya kumhurumia. Na siku nitakapokataa chakula, nawe nakujua, utanijia na uji na machozi. Usinilazimishe. Keti, niulize nataka nini, na hata nikitaja kitu cha taabu, nenda ukakitafute. Ukikikosa, rudi unisimulie ulikokwenda. Ukikipata, nami nikila matonge mawili tu, usiseme ni machache.